Aliyetubu Pombe Asifungiwe Chumbani

Kila uandamapo mwezi wa Shaabani, nyumba za Waislamu huanza kujitayarisha kwa ugeni mtukufu wa Ramadhani. Mama huchagua mchele na kunde, baba hutazama mfuko wake, na watoto huhesabu siku. Na katika baadhi ya nyumba hufanyika tayarisho jingine ambalo halisemwi mbele ya wageni. Mama humwita mwanawe chumbani, akarudisha mlango, akamwambia kwa machozi: "Mwanangu, mwezi huo unakuja. Nihurumie mimi mamako, uiache." Na mwana, ambaye kwa miaka kumi haijampitia siku bila ya kunywa, huinamisha kichwa akasema: "Basi mama, nimeiacha. Tokea usiku huu sitaionja tena, Inshallah."

Hiyo, ndugu msomaji, ni saa njema katika umri wa mtu. Wala hatukuandika makala haya ili kuipunguzia heshima yake. Tumeyaandika kwa ajili ya siku tatu au nne zinazoifuata, kwa kuwa katika siku hizo wako waliotubu kwa ukweli wa moyo wakafa, na jamaa zao hawakujua kilichowaua.

Natuupige mfano. Kisa hiki si cha mtu mmoja ajulikanaye kwa jina. Ni mfano tulioutunga kwa mambo yatokeayo, na msomaji aliyeishi na mlevi ataukuta si mgeni kwake.

Kijana ametubu. Mama, kwa kuchelea marafiki wabaya wasije kumrudisha, anamtia chumbani na ufunguo anaufunga katika upindo wa kanga. Majirani wanaambiwa ana homa. Asubuhi ya kwanza mikono yake inatetemeka hata hawezi kushika kikombe. Jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, chakula kinarudi. Mama anafurahi moyoni, anasema: "Uchafu unatoka." Usiku wa pili kijana anaanguka, mwili unakakamaa na kupapatika, povu linamtoka kinywani. Sasa wanasema ni jinni, na anaitwa mwalimu amsomee. Siku ya tatu anaona siafu wakitambaa ukutani ambako hapana siafu, anasema na watu wasiokuwapo, na mamake mzazi hamtambui. Wanaume wa nyumba wanamfunga kamba. Mwili wake ni moto kama jiwe la jikoni.

Alfajiri ya siku ya nne nyumba moja huamka ikaita gari la kumpeleka hospitali. Nyumba nyingine huamka ikaita waosha maiti.

Kijana huyo hakufa kwa kuwa alikunywa siku hiyo. Alikufa kwa kuwa aliacha ghafula, na aliacha peke yake. Hili ndilo neno tulilonalo leo: pombe humdhuru anayeinywa, na kwa mtu ambaye mwili wake umekwisha kutawaliwa nayo, huweza kumwua hata katika kuiacha. Toba ni ya moyo, na haina haja ya kungoja hata dakika moja. Lakini mwili una hesabu yake, na hesabu hiyo ni kazi ya tabibu.

Pombe hufanya nini ndani ya mwili

Katika ubongo wa mwanadamu ziko nguvu mbili ambazo Mwenyezi Mungu amezisawazisha. Moja huuamsha na kuuhimiza, nyingine huutuliza. Pombe huongeza nguvu ile yenye kutuliza na kuidhoofisha ile yenye kuhimiza. Ndiyo maana mnywaji hulegea, ulimi ukawa mzito na miguu ikakosa njia.

Mtu akinywa kila siku kwa miezi na miaka, ubongo haukubali kulala. Hujizoeza. Hupunguza utulivu wake wenyewe na kuzidisha uhimizaji wake, ili uweze kufanya kazi juu ya ile pombe. Hapo ndipo mraibu huonekana amekunywa kiasi cha kumwangusha mtu mwingine, naye amesimama. Watu husema ana kichwa kigumu. La, ni mwili uliokwisha kugeuzwa umbile lake.

Wavuvi wa pwani watalifahamu jambo hili kwa mfano wa ngalawa. Upepo unapovuma kwa nguvu, mabaharia hupanda upande utokako upepo, wakaulalia kwa uzito wa miili yao ili chombo kisipinduke. Madhali upepo unavuma, chombo huenda sawa. Lakini upepo ukikatika ghafula, na watu wangali wamelala upande ule, uzito wao wenyewe ndio utakaokipindua chombo. Pombe ni ule upepo, na ubongo ndio wale mabaharia. Pombe ikiondoka kwa mara moja, ubongo hubaki umeelemea upande wa uhimizaji, hauna wa kuutuliza. Nao huhitaji siku kadhaa kurudi mahali pake.

Saa na siku za hatari

Mambo haya yana wakati wake, na afadhali kila mwenye nyumba aujue.

Tangu saa 6 hivi baada ya kikombe cha mwisho, na katika siku ile ya kwanza, huja mtetemo wa mikono, jasho, kichefuchefu, wasiwasi, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Kwa wengi maradhi huishia hapo, yakatulia katika siku chache. Kifafa cha kuacha pombe huja zaidi katika siku mbili za kwanza, na huweza kumshika mtu ambaye hakupata kuwa na kifafa maishani mwake. Kisha, kwa kawaida baina ya siku ya pili na ya nne, baadhi yao huingia katika hali iliyo mbaya kuliko zote: kuweweseka, kuona maruweruwe, kutojua mahali wala wakati, homa, na moyo kupiga pasipo mpango.

Hali hii si ngeni kwa waganga. Daktari wa Kiingereza, Thomas Sutton, aliiandikia kitabu mwaka 1813, akaipa jina la Kilatini lenye maana ya kuweweseka pamoja na kutetemeka. Lakini kwa muda mrefu baada yake madaktari walibishana: je, maradhi haya huletwa na pombe yenyewe, au na njaa ya mlevi asiyekula, au na kule kuacha? Mwaka 1955 Harris Isbell na wenziwe, katika hospitali ya serikali ya Marekani iliyokuwako Lexington, Kentucky, walitoa habari ya jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa. Watu kumi walinyweshwa pombe nyingi kila siku huku wakilishwa vizuri, kisha wakakatiwa kwa mara moja. Katika wale walioinywa muda mrefu zaidi, siku 48 na kupita, wako walioshikwa na kifafa na walioweweseka. Hawakuwa na njaa, wala hawakuwa walevi saa ile. Ikadhihirika kuwa kukatika kwa pombe ndiko kulikowaangusha.

Wanaofikia hali hiyo ya kuweweseka ni wachache katika wote wanaougua kwa kuacha, kama watatu hadi watano katika mia. Lakini uchache huo usimdanganye mtu. Kabla ya kupatikana dawa za leo, katika baadhi ya hospitali wagonjwa wa namna hiyo waliokufa walifikia theluthi. Siku hizi, kwa mgonjwa aliyewahiwa akatibiwa vizuri, hawafiki watano katika mia. Tofauti ya hesabu hizi mbili ni tofauti ya mlango uliofunguliwa na mlango uliofungwa kwa ufunguo.

Nani wa kuogopewa zaidi

Si kila aliyeonja pombe akaiacha atapatwa na haya. Mtu aliyekuwa akinywa siku moja moja, mwili wake ukawa haujaizoea, aiache leo hii na amshukuru Mola wake. Wa kuogopewa ni yule anywaye kila siku kwa muda mrefu. Anayeamka asubuhi mikono ikitetemeka, ikawa haitulii mpaka apate kidogo. Na aliyewahi kuacha zamani akashikwa na kifafa au akaweweseka. Huyu wa mwisho ana khatari kubwa kupita wenziwe, kwani imeonekana kuwa kila mtu aachapo na kurudia, kuacha kwa mara ifuatayo huweza kuwa kukali zaidi. Waongezwe pia mzee, mwanamke mwenye mimba, na mwenye maradhi mengine ya ini, ya moyo au ya sukari.

Ikiwa katika nyumba yako yumo mtu mwenye moja katika sifa hizi, naye amekwambia, "Nimeiacha," jambo la kwanza baada ya kumshukuru Mungu ni kumpeleka kwa daktari, siku ile ile. Usingoje uone itakuwaje. Na kama kifafa kimekwisha kumshika, au ameanza kuona yasiyokuwapo, au ana homa na hajui alipo, hiyo ni dharura ya saa ile, na hospitali iliyo karibu ndiyo iliyo bora.

Hospitali humfanyia nini

Watu wengi huogopa hospitali kwa kutoijua. Hudhani kwamba mgonjwa atatukanwa, au ataandikwa wazimu, au atapewa pombe ndogondogo. Basi natueleze.

Daktari huuliza kwanza: alikuwa akinywa nini, kiasi gani, kwa muda gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Hapo jamaa waseme kweli, wala wasipunguze kwa haya. Chupa nne zikitajwa kuwa moja, dawa itakayotolewa ni ya mtu mwingine. Ajulishwe pia kama ilikuwa gongo, tembo, bia au mchanganyiko, na kama mgonjwa hutumia dawa nyingine yoyote.

Kisha hupewa dawa ya kumtuliza, iliyo katika jamii ya diazepamu. Dawa hizi hukaa mahali pale pale ambapo pombe ilikuwa ikitulizia ubongo, zikazuia kifafa na kuweweseka. Na daktari huzipunguza siku kwa siku, kwa kawaida katika muda wa juma moja hivi, mpaka ubongo umerudi katika umbile lake. Yaani, wale mabaharia wa ngalawa hupewa nafasi ya kurudi katikati mmoja mmoja, chombo kisipinduke. Aina ya kwanza katika jamii hii iliingia katika matumizi ya hospitali mwaka 1960, na diazepamu yenyewe ilifuata mwaka 1963, na mpaka leo ndizo dawa zinazotegemewa kwa maradhi haya.

Lakini dawa hizi ni upanga wenye makali mawili. Nazo zina uraibu wake. Na zikichanganywa na pombe, huweza kuzima pumzi. Kwa hivyo asizinunue mtu dukani kwa shauri la jirani, wala asimpe mgonjwa vidonge vilivyobaki vya mgonjwa mwingine.

Tena mgonjwa huchomwa sindano za vitamini B1, iitwayo thiamini. Mlevi wa muda mrefu mara nyingi huwa ameipungukiwa sana, na upungufu huo huleta maradhi ya ubongo ambayo Carl Wernicke, tabibu wa Kijerumani, aliyaeleza mwaka 1881: macho hukosa utulivu, miguu huyumba, na akili huchafuka. Yasipowahiwa, mtu huweza kupoteza kumbukumbu zake asizipate tena. Ni sindano rahisi, na inaokoa akili ya mtu.

Wako wagonjwa ambao daktari, akisha kuwapima, huona hali yao ni nyepesi, akawaruhusu kutibiwa nyumbani. Hiyo ni ruhusa ya daktari baada ya kupima, na kwa sharti awepo mtu mzima wa kukaa na mgonjwa usiku na mchana, na njia ya kumfikisha hospitali mambo yakibadilika. Si ruhusa ya kujipimia wenyewe.

Sheria yetu na maradhi haya

Mtu mwema atauliza: "Je, huku si kuipa pombe heshima isiyostahiki? Dini imeiharimisha, mtu na aiache, basi."

Tunajibu hivi. Uharamu wa pombe haujadiliwi, wala hatukuja kuujadili. Lakini tazameni namna uharamu huo ulivyowajia watu waliokuwa wamezama katika pombe. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, waliambiwa kuwa madhara yake yanazidi faida zake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 43, walikatazwa kuisogelea Sala hali wamelewa. Na kwa kuwa Sala ni tano, muda wa kunywa na kulevuka ukawa mfinyu. Kisha katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, mlango ukafungwa kabisa, na pombe ikamwagwa katika njia za Madina. Imepokewa kwa Bibi Aisha kuwa lau amri ya kwanza kabisa ingalikuwa ni kuacha pombe, watu wangalikataa. Aliyewaumba watu alijua udhaifu wao, akawapandisha kwa daraja.

Mtu asiyageuze haya kuwa hoja ya kunywa. Baada ya aya za Suratul Maida hapana Mwislamu awezaye kusema, "Nami nitaiacha kidogo kidogo kama zilivyoshuka aya." Tunalolitaka ni mafundisho yaliyomo: kwamba kumtoa mtu katika uraibu ni kazi yenye hekima na mpango, wala si ya kelele na ufunguo.

Na wanavyuoni wetu waliyajua maradhi haya kabla ya hospitali za leo. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki Makka mwaka 974 wa Hijra, ambaye vitabu vyake ni katika nguzo za madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu pwani, aliulizwa juu ya mtu aliyezoea afyuni hata akawa akiikosa atakufa. Hakusema, "Na afe." Alijibu kuwa mtu huyo, ikiwa kufa kwake ni jambo la yakini, atumie kiasi cha kumwokoa roho yake, kama mwenye njaa ya kufa alavyo nyamafu, na ni wajibu wake kupunguza siku kwa siku mpaka tumbo lake liisahau. Miaka zaidi ya mia nne imepita, na jambo hilo la kupunguza kwa vipimo ndilo lifanywalo na madaktari.

Yeye alisema juu ya afyuni, wala sisi hatuna ruhusa ya kujitolea fatwa za pombe kutokana na maneno yake. Wala, alhamdulillahi, mgonjwa wetu afikaye hospitali hana haja nayo. Imo katika Sahihi Muslim hadithi ya Tariq bin Suwayd, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataa pombe kuitwa dawa. Sasa ziko dawa zisizokuwa pombe ambazo humshusha mraibu ngazi kwa ngazi. Kizuizi kilichobaki ni miguu yetu kusita kwenda kuzitafuta, na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu.

Ama kufunga, mgonjwa ana ruhusa yake katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Aliye katika siku za hatari anahitaji maji, chakula na dawa kwa saa zake. Ale, anywe dawa, na akipona alipe. Wako ambao, kwa bidii ya toba, hutaka kuiacha pombe na kuanza saumu katika usiku mmoja. Nia yao ni njema, lakini mwili wao haukuuchukua mzigo huo. Afadhali aanze matibabu Shaabani ingali changa, ili Ramadhani imkute amekwisha kupona.

Imebaki sitara. Tumefundishwa kumsitiri Mwislamu, na ni mafundisho mema. Lakini sitara ni kumfichia ndugu yako aibu kwa walimwengu. Si kumfichia maradhi kwa tabibu. Daktari ana amana ya siri kama ulivyo na amana wewe. Mama anayesema, "Watu watatucheka," ajiulize watu hao watamfaa nini siku ya matanga.

Kadhalika neno la jinni. Hatumkatazi mtu kumsomea mgonjwa wake Qurani. Kisomo ni baraka, na kinafaa kando ya kitanda cha hospitali kama kinavyofaa nyumbani. Tunamkataza kukifanya kisomo kuwa badala ya hospitali. Aliyeacha pombe juzi akaona siafu ukutani leo, maelezo yake yamo katika mwili wake. Wala asifungwe kamba: kamba humzidishia hofu na joto, na akishikwa na kifafa hali amefungwa, huumia.

Baada ya siku za hatari

Mgonjwa ametoka hospitali. Mikono imetulia, uso umerudi. Nyumba inafanya karamu, na kila mtu anadhani safari imekwisha. Hapo ndipo inapoanza.

Zile siku saba zimeutoa mwili katika hatari, hazikuitoa hamu. Hamu hurudi ikiamshwa na harufu, na njia ya kwenda baa, na rafiki, na huzuni, na hata furaha. Kwa hili nako kuna tiba. Dawa iitwayo disalfiramu, iliyojulikana Denmark mwaka 1948, humfanya anayeionja pombe augue papo hapo. Nayo haitolewi ila kwa usimamizi wa daktari, na kwa mtu aliyekwisha kuacha na anayejua anachokimeza. Ziko pia naltreksoni na akamprosati, ambazo hupunguza hamu. Shirika la Afya la Dunia liliziingiza katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2023. Hazipatikani kila mahali, lakini mtu na aulize. Na pamoja na dawa, yako mazungumzo na wataalamu, na vikao vya walioacha ambao hutiana nguvu. Mjini Baltimore, Marekani, mwaka 1989 Waislamu waliokuwa na uraibu walianzisha jumuiya yao waliyoiita Millati Islami, wakakutana kusaidiana kwa misingi ya dini yao. Jambo kama hilo halihitaji jengo wala fedha. Msikiti wenye ukumbi na imamu mwenye moyo mpana watosha.

Katika nchi zetu, hospitali kubwa za mikoa na za rufaa hupokea wagonjwa hawa. Ziko na hospitali zinazotibu maradhi ya akili, kama Mathari ya Nairobi, Mirembe ya Dodoma na Kidongo Chekundu ya Unguja, na idara ya maradhi hayo katika Muhimbili, Dar es Salaam. Kenya ina mamlaka ya kupambana na ulevi, NACADA, na simu yake ya bure ni 1192. Asiogope mtu jina la hospitali ya wagonjwa wa akili. Mlango wake ni heri kuliko ule tuliousimulia mwanzo. Na anayempeleka mgonjwa wake katika nyumba za kuwatunza walioacha, aulize kwanza: je, yuko daktari au muuguzi wa kumtazama katika siku zile za mwanzo? Ikiwa hayuko, ampitishe hospitali kwanza.

Na akianguka? Wengi huanguka mara moja au zaidi kabla ya kusimama. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya mtu wa Madina aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.), ambaye aliletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume (s.a.w.) akamkataza kumlaani, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Aliadhibiwa, lakini hakutupwa. Basi sisi ni nani hata tumfungie mlango anayerudi kwa mara ya pili, au ya tatu, akasema: "Nisaidieni"?

Shirika la Afya la Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilikadiria kuwa watu milioni 209 ulimwenguni waliishi na uraibu wa pombe katika mwaka 2019. Katika hesabu hiyo wamo watoto wa Waislamu, na majina yao ni kama majina yetu. Nyumba zao zina misahafu, na mama zao huamka usiku kuwaombea.

Kwa mama huyo tunamalizia. Ewe mama, dua yako imekubaliwa: mwanao amesema ameiacha. Usiufunge mlango. Mshike mkono, mvike nguo safi, chukua ufunguo huo ulio katika upindo wa kanga yako uufunge mlango wa nyumba kwa nje, hali nyote wawili mmekwisha kutoka, mnakwenda kwa daktari. Njiani msomee utakacho. Na aliye jirani, akiwaona, aulize: "Mna haja ya gari?" wala asiulize zaidi ya hapo.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azikubali toba za waliotubu, na atupe huruma ya kuwachukua mpaka wafike. Amin.